Amlodipini ni dawa ya taratibu, makosa yetu ni ya haraka

Amlodipini ni miongoni mwa vidonge vya presha vinavyotoka sana katika madirisha ya dawa ya Maswa na Bariadi, na pia ni miongoni mwa vinavyosingiziwa mengi. Mimi ni mfamasia. Wagonjwa wanaokuja kutoka Nyalikungu, Lalago na Malampaka hunieleza mambo yanayopingana kuhusu kidonge hichohicho. Mmoja anasema hakimsaidii kitu. Mwingine anasema kimemponya, kwa hiyo amekiacha. Wa tatu anavuta gauni kidogo, ananionyesha vifundo vya miguu vilivyovimba na kuapa kwamba kimemharibu figo. Ninachoshikilia ni kwamba wote watatu wameponzwa na jambo moja. Amlodipini huingia mwilini taratibu, hufanya kazi taratibu na hutoka taratibu, nasi tunaipima kwa kasi ya dawa ya maumivu. Mwendo huo wa polepole ndio ubora wake mkubwa, na asiyeuelewa, awe mgonjwa au mhudumu, atafanya uamuzi mbaya hata kama nia yake ni njema.

Jambo lenyewe si dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uligundua kwamba takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania ana shinikizo la juu la damu. Watafiti waliopima watu katika jiji la Dar es Salaam na wilaya ya Hai, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2000, walikuta kwamba miongoni mwa wenye presha hawakufika hata 20 katika kila 100 waliojua kuwa wanayo, kama 10 tu walikuwa kwenye matibabu, na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika hata mmoja. Kwetu Kanda ya Ziwa, hesabu ya vifo katika wodi za watu wazima za Hospitali ya Bugando, iliyochapishwa mwaka 2013, iliyaweka magonjwa yanayotokana na presha katika nafasi ya pili. Mtu wa Simiyu akipata kiharusi au figo zake zikifeli, huko Bugando ndiko wengi hupelekwa. Mara nyingi huwa wamechelewa.

Nianze na namna kidonge kinavyofanya kazi, maana kila nitakalosema baadaye linatoka hapo. Kuta za mishipa inayosambaza damu zina misuli laini. Misuli hiyo ikikaza, njia ya damu huwa nyembamba na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi; ikilegea, njia hupanuka na shinikizo hushuka. Ili msuli ukaze unahitaji madini ya kalsiamu yaingie ndani ya chembe zake kupitia vijilango maalumu. Katika miaka ya 1960 mwanafiziolojia wa Ujerumani, Albrecht Fleckenstein, alionyesha kwamba zipo kemikali zinazoweza kuzuia kalsiamu isiingie, na huo ukawa mwanzo wa kundi zima la dawa. Amlodipini hufunga sehemu ya vijilango hivyo, hasa katika mishipa na kwa kiasi kidogo sana katika moyo. Haimfanyi mtu akojoe sana. Haimtulizi akili. Haifuti presha kwenye mwili. Inachofanya ni kuilegeza misuli ya mishipa kwa muda wote ambao imo katika damu.

Na imo kwa muda mrefu. Kidonge ukikimeza leo, kiwango chake katika damu hufika kileleni baada ya saa 6 hadi 12. Nusu ya dawa hiyo huhitaji saa 30 hadi 50 kuondoka, kazi inayofanywa hasa na ini. Kwa kuwa kidonge cha kesho kinakuta cha jana bado kipo, dawa hujikusanya kidogo kidogo na kutulia katika kiwango kimoja baada ya siku 7 au 8 za kumeza kila siku. Mfugaji wa Maswa ananielewa upesi nikimwambia ni kama lambo: mvua moja hailijazi, na jua la siku moja halilikaushi.

Sasa mtazame yule anayesema haimsaidii. Ukimhoji vizuri utakuta anameza siku ambazo kichwa kinamuuma au kisogo kinakuwa kizito. Anakunywa asubuhi, anasubiri saa moja, haoni kitu, anaongeza kingine mchana, kisha kichwa kinapoa chenyewe jioni naye anakaa siku kumi bila kumeza. Dawa yake haijawahi kupata nafasi ya kutulia. Halafu presha yenyewe kwa kawaida haiumi. Kuna watu wanatembea na 190 juu ya 110, wanalima, wanacheka, wanalala usingizi mzuri. Kichwa kinaweza kuuma kwa malaria, kwa njaa, kwa jua la palizi, kwa mawazo ya ada ya shule. Anayekifanya kichwa kuwa kipimo cha presha anapima kitu kingine kabisa. Kipimo ni mashine, ukiwa umekaa ukapumzika dakika 5, mgongo umeegemea, mkono umewekwa juu ya meza, haja ndogo umeshamaliza, na mkanda wa mashine unaenea mkono wako. Pima mara mbili. Ukipimwa palepale baada ya kushuka kwenye bodaboda, namba hiyo si ya kutegemea.

Yule wa pili, aliyepona akaacha, ananisikitisha zaidi kwa sababu alifuata ushahidi aliouona kwa macho yake. Aliacha dawa siku ya Jumatatu, akapima Jumatano, akakuta 128 juu ya 80, akasema kumbe nilikuwa namezeshwa bure. Lakini Jumatano ile karibu nusu ya dawa ilikuwa bado mwilini mwake. Presha hurudi polepole kadiri dawa inavyokwisha, na huchukua kama wiki moja au zaidi kurejea ilipokuwa. Wakati huo yeye ameshaacha kupima. Mwezi wa tatu anaamka mdomo umepinda na mkono mmoja hauna nguvu, na majirani wanaanza kumtafuta aliyemloga.

Hapa pana neno linalozunguka sana vijiweni: dawa za presha ukianza huachi. Watu hulisema kama onyo, wakimaanisha kwamba dawa humfunga mtu, hivyo ni afadhali kukaa bila kuanza. Nawaomba wasomaji waligeuze. Kinachodumu ni ugonjwa. Kwa walio wengi presha ya juu haina sababu moja inayoweza kung'olewa; imetokana na urithi, umri, chumvi, uzito na mengine yaliyojijenga kwa miaka. Amlodipini haimjengei mtu uteja, na ukiiacha haiirushi presha juu kuliko ilivyokuwa kabla, tofauti na baadhi ya dawa kama propranololi au klonidini ambazo kuziacha ghafla kuna hatari. Presha hurudi tu ilipokuwa. Wapo wachache ambao, baada ya kupunguza uzito, pombe na chumvi, daktari huwapunguzia dozi au huiondoa akiwafuatilia kwa kipimo. Uamuzi huo hufanywa kwa vipimo vya majuma kadhaa, na mtu asiufanye peke yake siku anayojisikia vizuri.

Mwendo wa taratibu una upande mwingine ambao ni faraja tupu. Ukisahau kidonge siku moja, hujaharibu kitu. Meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Kama imefika siku ya pili, endelea na cha siku hiyo, usifidie kwa kumeza viwili. Unaweza kumeza kabla ya chakula au baada ya chakula. Asubuhi au usiku ni sawa: utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022, ukiwa na watu zaidi ya 21,000, uliona kwamba wanaomeza dawa za presha jioni na wanaomeza asubuhi hawatofautiani katika kupata kiharusi au shambulio la moyo. Chagua saa ambayo hutaisahau. Mimi huwashauri wakulima saa ya chakula cha usiku, maana asubuhi ya msimu mtu anaondoka nyumbani kabla hakujapambazuka.

Miguu inayovimba

Nakaa zaidi kwenye suala hili kwa sababu hapa ndipo wagonjwa wengi huumizwa na watu waliokusudia kuwasaidia. Amlodipini hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu kwenye nyama za mwili, lakini hailegezi kwa kiasi hicho mishipa inayoirudisha damu kwenye moyo. Damu inaingia kwa wepesi, inatoka kwa uzito uleule wa zamani, shinikizo linapanda ndani ya vijimishipa vyembamba kabisa, na majimaji yanachujika kwenda kwenye nyama. Kwa kuwa mtu hushinda amesimama au amekaa, majimaji hayo hukusanyika kwenye vifundo. Mwili haujaongeza maji. Maji yaleyale yamehamia mahali pengine. Kadiri dozi inavyopanda, uvimbe huongezeka: katika majaribio ya dawa hii walivimba watu kama 3 katika kila 100 waliokunywa miligramu 5, na karibu 11 katika kila 100 waliokunywa miligramu 10. Wanawake huvimba zaidi ya wanaume.

Mama akirudi zahanati na miguu hiyo, mara nyingi huandikiwa furosemidi, dawa kali ya kukojoza, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix. Kwa uvimbe wa amlodipini furosemidi haina msaada wa maana, kwa sababu mwili haukuwa na maji ya ziada ya kutoa. Inachota maji kwenye damu na kuacha yale ya kwenye vifundo. Mama anaanza kupata kizunguzungu akiinama shambani, misuli inambana usiku kwa kupungukiwa potasiamu, figo zinakosa damu ya kutosha katika joto la Simiyu, na miguu bado imevimba. Anapewa dawa ya tatu ya kutuliza misuli, aghalabu diklofenaki, na hiyo inambana figo na kumpandishia presha. Nimekutana na wagonjwa wenye mfuko wa dawa nne, na kilichohitajika tangu mwanzo kilikuwa kupunguza ya kwanza.

Tiba ya uvimbe huo inajulikana. Kama mgonjwa yuko kwenye miligramu 10, arudishwe 5, na kama presha bado iko juu aongezewe kiasi kidogo cha dawa ya kundi la losatani au enalaprili. Dawa hizo hulegeza mishipa ya kurudisha damu pia, kwa hiyo husaidia presha na uvimbe kwa pamoja. Kabla ya kuziongeza figo zipimwe, na mwanamke mwenye ujauzito au anayetarajia kushika ujauzito asipewe kabisa, kwa kuwa hudhuru mtoto tumboni. Huyo ana dawa zake, kama methildopa na nifedipini ya kutoka polepole. Kuinua miguu jioni juu ya mto husaidia kidogo.

Kuhusu figo, nasema bila kuzunguka: amlodipini haiharibu figo. Ini ndilo linaloivunja, na ndiyo maana wagonjwa wa figo, hata walio kwenye usafishaji wa damu, huitumia bila kupunguziwa dozi. Mwenye ugonjwa wa ini na mzee sana ndio wanaoanzia miligramu 2.5. Figo huharibiwa na presha isiyotibiwa. Hata hivyo si kila uvimbe ni wa kidonge. Miguu ikivimba pamoja na kukosa pumzi ukilala chali, au uso kuvimba asubuhi, au mkojo kuwa na povu au kupungua, au tumbo kujaa, au mguu mmoja tu ukavimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ndugu yake mwenye haraka

Kabla ya amlodipini ilikuwapo nifedipini, dawa ya kundi lilelile. Vidonge vyake vya ganda laini huachia dawa kwa mpigo. Kwa miaka mingi, duniani kote, mgonjwa akikutwa na presha ya kutisha alitobolewa ganda hilo na kuwekewa dawa chini ya ulimi. Namba ilishuka mbele ya macho ya wote na kila mtu akafurahi. Baadaye ikaonekana kwamba baadhi ya wagonjwa hao walipata kiharusi na shambulio la moyo palepale: ubongo uliozoea shinikizo kubwa ulinyimwa damu ghafla, na moyo ulioshtuka ukaanza kwenda mbio. Mwaka 1996 madaktari waliandika katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, wakitaka zoea hilo likomeshwe. Bado nalisikia likiulizwa dirishani: nipe ile ya chini ya ulimi. Mtu mwenye 190 ambaye hana dalili yoyote hahitaji kushushwa ndani ya nusu saa; anahitaji kuanza au kurejea dawa yake na kupimwa tena ndani ya siku chache. Aliye na udhaifu wa upande mmoja, ulimi mzito, maumivu ya kifua au pumzi inayokatika anahitaji gari la kumfikisha hospitali, na usimpe kidonge chochote njiani.

Umadhubuti wa amlodipini kwa watu wetu umeonekana katika tafiti kubwa. Katika utafiti wa ALLHAT wa mwaka 2002, uliohusisha watu zaidi ya 33,000, washiriki weusi waliopewa lisinoprili walipata viharusi zaidi kuliko waliopewa dawa ya kukojoza ya kundi la thiazidi; amlodipini haikuonyesha upungufu huo. Mwaka 2019 ukatoka utafiti wa CREOLE, wagonjwa 728 wa nchi sita za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda. Walipewa dawa mbilimbili, na baada ya miezi sita jozi zilizokuwa na amlodipini ndani yake zilishusha presha kuliko jozi isiyokuwa nayo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaiweka katika makundi matatu ya kuanzia, na unapendelea dawa mbili kwa dozi ndogo, ikiwezekana katika kidonge kimoja. Basi mganga akikupa dawa mbili usidhani ugonjwa umeshindikana. Miligramu 5 pamoja na dawa nyingine mara nyingi hushinda miligramu 10 zikiwa peke yake, na miguu hubaki salama.

Mambo machache yanayoivuruga dawa hii yanatuhusu moja kwa moja. Anayetibiwa kifua kikuu anameza rifampisini, ambayo hulifanya ini liivunje amlodipini upesi mno. Presha yake inaweza kupanda ilhali anameza kwa uaminifu, na dozi ya kifua kikuu ikiisha presha inaweza kushuka kupita kiasi kama amlodipini ilikuwa imeongezwa na hakuna aliyekumbuka kuipunguza. Klarithromaisini na dawa za VVU zenye ritonavia hufanya kinyume, huiongeza nguvu hadi mtu akaona giza akisimama. Anayetumia simvastatini ya kolesteroli asizidi miligramu 20 akiwa kwenye amlodipini. Diklofenaki na ibuprofeni, wanazonunua wakulima kwa maumivu ya mgongo baada ya palizi ya pamba, huzuia chumvi kutoka na kupandisha presha. Paracetamoli ni afadhali. Na magadi, jamani. Tumewaambia watu wapunguze chumvi, nao wamepunguza, kisha wanapika mlenda na maharage kwa magadi kila siku. Magadi ni chumvichumvi ya sodiamu, ileile sodiamu inayotuletea taabu. Mlenda hauhitaji magadi mengi kiasi tunachotia.

Lawama haiwezi kubebwa na wagonjwa peke yao. Mtu wa kijijini akipewa vidonge vya siku 30, maana yake ni safari ya kila mwezi, nauli, na siku nzima ya kazi, naye anakuta mara hii dawa ipo, mara nyingine haipo. Nchi hii imeshajua kufanya vizuri zaidi. Katika kliniki za VVU, zile tunazoziita CTC, mgonjwa aliye imara hupewa dawa za miezi mitatu au sita, ana kadi yake, na akikosa kuja anatafutwa. Presha nayo ni ya kudumu, na dawa yake ni ya bei nafuu kwa kuwa hataza ya awali ilishaisha na viwanda vingi huitengeneza. Mwongozo ule wa 2021 unasema aliyedhibitiwa anaweza kuonwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na kwamba wauguzi na wafamasia waliofundishwa wanaweza kumhudumia chini ya usimamizi wa daktari. Naziomba halmashauri za Simiyu ziagize amlodipini kwa hesabu ya wagonjwa walioandikishwa badala ya kukisia, na kila zahanati iwe na mashine ya presha inayofanya kazi pamoja na mkanda mpana wa mikono minene.

Na wewe unayemeza dawa hii, au unayemlea mzazi anayeimeza: mvua za vuli zinapokaribia, kabla hujaelekea shambani, nenda ukapime, uombe vidonge vya miezi mitatu, uvihifadhi ndani ya pakiti yake mahali pakavu mbali na jua na bati la moto, na uulize swali lolote ulilonalo hapo hapo dirishani. Kazi yetu ni kukujibu.